Hakimu amekataa dhamana baada ya hukumu: tuombe upya?

SWALI: Mwanangu alifungwa miaka 20 na mahakama ya hakimu kwa ulanguzi wa heroini. Rufaa iko Mahakama Kuu. Tulimwomba hakimu yuleyule dhamana ili asubiri rufaa akiwa nyumbani, akakataa. Jamaa wanasema tupeleke ombi jipya kwa jaji, tutaje Katiba, kisukari chake na watoto wake watatu. Tutafika? — Mama wa Kisauni

JIBU: Pole sana, Mama. Ombi jipya msipeleke, litagonga mwamba. Kifungu cha 357 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai ya Kenya, Sura ya 75, kinampa aliyekata rufaa milango miwili: hakimu aliyemhukumu au Mahakama Kuu. Mkikataliwa na hakimu, hamwezi kuanza upya kwa jaji. Mnakata rufaa dhidi ya kule kukataliwa kwenyewe. Husikizwa na jaji mmoja katika chemba, yaani ofisini mwake, na sheria inakataza kuitupa kwa kuisoma tu bila kuisikiza. Muda ni siku 14 tangu uamuzi. Zikipita, ombeni kwanza kuongezewa.

Ibara ya 49(1)(h) ya Katiba haitawabeba, kwa kuwa inamlinda aliyekamatwa, ambaye bado anahesabiwa hana hatia. Mwanao ameshahukumiwa. Kisukari na watoto navyo havitoshi: katika kesi ya Dominic Karanja, 1986, Mahakama ya Rufani ilisema maradhi peke yake si sababu ya kipekee ya kumpa mfungwa dhamana ikiwa wafungwa wana matibabu, wala shida za familia, wala ahadi ya kutotoroka hata ikiwa na wadhamini.

Kipimo chenyewe kiko katika kesi ya Jivraj Shah, ya mwaka huohuo: rufaa kuu, ile ya kupinga hukumu, ionyeshe waziwazi kwamba huenda ikashinda kwa hoja nzito ya sheria, na sehemu kubwa ya kifungo iwe itakwisha kabla haijasikizwa. Hapa ndipo kesi za unga, yaani dawa za kulevya, zinapokwama. Kwa miaka 20, hoja ya muda ni dhaifu, kwa hiyo uzito wote uko kwenye hoja ya sheria.

Anzeni na hati ya mashtaka: inataja alilangua kwa njia gani, kuuza, kusafirisha au kuhifadhi? Kisha fuateni unga wenyewe. Kifungu cha 74A cha sheria ya dawa za kulevya kinataka sampuli zichukuliwe na shehena yote ipimwe mbele ya mshukiwa, inapowezekana. Linganisheni gramu zilizo kwenye hati ya mashtaka, ripoti ya mkemia wa serikali na ushahidi wa polisi. Zikitofautiana bila maelezo, hoja yenu ya kwanza ni hiyo. Ambatisheni hukumu, uamuzi wa kunyima dhamana, ripoti ya mkemia na sababu za rufaa. Wengi hupeleka kiapo kitupu, jaji akakosa cha kupima.

Akipata dhamana kisha rufaa kuu ikashindwa, siku alizokaa nje hazihesabiwi kwenye kifungo. Akinyimwa, fuatilieni kwa karani nakala zilizochapwa za mwenendo wa kesi, na mwombe rufaa kuu ipewe tarehe ya mapema.