Muuguzi mgonjwa wa akili anyang'anywe leseni? Niliyoyaona wodini Moshi

Kila habari ya muuguzi kumpiga mgonjwa inapovuma, haipiti saa moja kabla mtu hajaandika: "Huyo ana matatizo ya akili, anyang'anyweni leseni." Nimesimamia wodi hapa Moshi kwa muda mrefu. Nimewahi kuandika barua ya kumshitaki muuguzi mwenzangu, na nimewahi kuandika nyingine ya kumtetea, kwa hiyo kauli hiyo hunichoma kila ninapoisoma. Inafunga kwenye furushi moja mambo mawili ambayo kazini nimeyaona yakitembea mbali mbali. Ugonjwa unahitaji daktari, kipigo kinahitaji kamati ya nidhamu, na anayestahili kupelekwa kwenye kamati mara nyingi hana ugonjwa wowote.

Twende leba kwanza, maana huko ndiko wagonjwa wetu wanakopigwa zaidi. Mama amebana miguu kwa uchungu, anapigwa kofi la paja. Analia, anaulizwa kama alikuwa analia hivyo wakati wa kuitafuta hiyo mimba. Wanaofanya hivi hawana kadi ya kliniki ya akili. Ni watu wazima wenye afya zao, wengine wachapakazi kweli, waliofundishwa na waliowatangulia kwamba bila ukali mtoto atachoka tumboni. Namkumbuka mmoja aliyeitwa "sista mkali", na jina hilo lilikuwa sifa. Siku moja alimpiga binti wa Kibosho, uzazi wa kwanza, hadi mdomo ukavimba. Ndugu walilalamika, uongozi ukaona aibu, yeye akahamishiwa kituo kingine. Katika faili lake haikuingia hata barua moja ya onyo. Alikohamia akarudia yale yale, na wenzake wapya hawakuwa na namna ya kujua alikotoka na nini. Muda wote huo leseni yake ilikuwa hai.

Kuhamisha tatizo kimya kimya hakukuanzia kwetu. Marekani, Charles Cullen aliua wagonjwa katika hospitali za New Jersey na Pennsylvania kati ya mwaka 1988 na 2003, na alikiri mauaji 29. Ni kweli alikuwa na historia ya kujaribu kujiua na kulazwa kwa ajili ya akili, na wengi wanaishikilia hapo. Lakini hospitali zilikuwa zinamshuku, zinamwacha aondoke, halafu inayofuata inampokea bila kuambiwa kitu. Mwaka 2005 New Jersey ilitunga sheria ya kulazimisha hospitali kutoa taarifa za mwenendo wa watumishi wao wa afya. Sheria kama hiyo ingewafaa sana wagonjwa wa kituo kile alikohamishiwa "sista mkali".

Uingereza nako, baada ya muuguzi Beverley Allitt kuua watoto wanne katika hospitali ya Grantham mwaka 1991, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1994 ulipendekeza kwamba mwenye historia ya kuhitaji sana msaada wa kitaalamu wa kiakili asipokelewe kwenye uuguzi mpaka athibitishe miaka miwili ya kuishi bila msaada huo. Naelewa uchungu uliozaa pendekezo hilo. Watoto wanne si jambo la kusameheka. Ila mtu aliyewahi kukaa wodini anajua kitakachofuata: muuguzi mwenye sonona ataacha kwenda kliniki ili rekodi yake ibaki safi, na utabaki na muuguzi mgonjwa asiyetibiwa akiwa ameshika sindano. Huyo ndiye wa kuogopwa.

Sasa nikueleze niliyemtetea. Alikuwa kama mdogo wangu. Wodi ilikuwa na upungufu, akapangiwa zamu za usiku mfululizo, na mchana hakuwa analala. Asubuhi ya kukabidhiana zamu nikakuta mgonjwa wa ngiri, ambaye ripoti yake ni mistari mitatu, ameandikiwa kurasa nzima, mwandiko unakua kadiri unavyoshuka. Alikuwa anaongea bila kumeza mate. Kisha akanionyesha, kwa furaha kabisa, kwamba usiku amepanga upya kabati la dawa kwa rangi za boksi ili lipendeze. Hakuwa amemgusa mtu. Lakini kabati lile ndilo lililonitisha: usiku umeme ukikatika, muuguzi huchukua chupa kwa mazoea ya mkono, pale alipozoea kuikuta. Nikamwambia, "Mdogo wangu, nipe funguo, twende ukapumzike." Akanipa. Nikampigia dada yake wa Kiborloni.

Daktari alisema ni baipola, ugonjwa unaompandisha mtu juu kwa siku au majuma kisha ukamwangusha chini kabisa. Kwa watu wenye ugonjwa huu kukosa usingizi kunaweza kuamsha dalili, kwa hiyo zamu za usiku kwake zilikuwa kama petroli kwenye moto. Wapo waliotaka aondolewe kabisa. Niliandika kwamba arudi akishatulia, kwa masharti: afanye zamu za mchana tu, asishike peke yake funguo za mofini na pethidini, zile dawa kali za maumivu, ahudhurie kliniki kila anapopangiwa na alete barua ya daktari, na aliye naye zamu awe na ruhusa ya kumwambia aende nyumbani akiona dalili zinarudi. Alirudi. Ni mmoja wa wauguzi makini niliofanya nao kazi.

Baraza la wauguzi la Uingereza leo lina utaratibu unaofanana na huo: muuguzi anaweza kuwekewa masharti ya kazi kwa muda usiozidi miaka mitatu, kisha yanapitiwa upya. Na pale tatizo ni afya peke yake, hawawezi kumfuta kwenye rejista mpaka kwanza awe amekaa chini ya masharti au amesimamishwa kwa miaka miwili. Kwetu, Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania lipo kwa Sheria ya mwaka 2010, na jina la muuguzi linaweza kuondolewa kwenye rejista. Ningetamani mashauri ya ugonjwa na mashauri ya kipigo yasikilizwe kwa njia mbili tofauti tangu siku ya kwanza.

Linabaki lile gumu: muuguzi ni mgonjwa kweli, na kwenye ugonjwa huo amempiga mtu. Hapa sina huruma ya kuchelewa. Aondoke wodini saa ile ile, leseni isimamishwe, aliyepigwa atibiwe na aombwe radhi na uongozi, na kama ameumia apewe PF3, ile fomu ya polisi, bila kuzungushwa. Mtu aliyelala na dripu mkononi hawezi kukimbia wala kujitetea, na huruma yetu kwa mwenzetu haiwezi kulipwa na mwili wake. Muuguzi akitibiwa, apimwe na daktari asiye wake, kisha ndipo izungumzwe habari ya kurudi kwa masharti. Akiacha dawa kwa makusudi na kurudia, leseni iende. Na anayepiga akiwa mzima, iende mapema zaidi.

Kwako muuguzi unayehisi hauko sawa: nenda kliniki kabla hujaitwa ofisini. Najua Moshi ni mji mdogo, na dirishani utamkuta uliyesoma naye chuo. Basi panda Coaster uende Arusha, ni kama kilomita 80, utibiwe usikojulikana. Mwambie bosi wako mmoja unayemwamini, na barua ya daktari itunze. Omba kutolewa zamu za usiku kabla hazijakuangusha. Usijitibu kwa diazepamu ya wodini, ile dawa ya kutuliza, huko ndiko wengi walikopotelea. Na siku utakayojisikia umepona kabisa ndiyo siku ya hatari ya kuacha dawa, kwa hiyo hiyo siku mpigie daktari wako kwanza.

Kwenu wauguzi wafawidhi: msiandike "amechanganyikiwa", ninyi si madaktari wa akili. Andikeni mlichokiona. "Saa 9 usiku alimpiga kofi mgonjwa wa kitanda cha 6, shahidi muuguzi fulani." Sentensi kama hiyo inamlinda mgonjwa, na inamlinda pia muuguzi asiyefanya kitu ila anasengenywa kwamba ametoka Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Halafu taarifa hiyo ipande juu, isiishie kwenye droo kwa sababu mhusika ni mke wa fulani au mnasali pamoja. Na mtu akihama kituo, faili lake lihame naye likiwa kamili.

Na ndugu wa mgonjwa, msiishie kupiga kelele koridoni au kurusha video. Soma jina kwenye kadi ya kifuani, andika tarehe na zamu, chukua namba ya simu ya mama wa kitanda cha jirani aliyeona. Sanduku la maoni peke yake halitoshi. Andika barua, anza na Muuguzi Mfawidhi, usipojibiwa nenda kwa Mganga Mfawidhi, wakinyamaza wote wawili barua iende Barazani. Ukiulizwa kama yule muuguzi ana ugonjwa wa akili, sema hujui, kisha rudia alichofanya. Gongesha mhuri wa kupokelewa, na nakala moja baki nayo nyumbani.