Ziwa la nani? Mlinzi anatudai elfu tano tukaogelee

SWALI: Mwangaluka wakili. Niko Ilemela, Mwanza, tangu utoto tunaogelea sehemu moja hivi Ziwa Victoria, juzi kati jamaa kajenga hoteli akapiga ukuta mpaka kwenye maji kabisa. Sasa Jumapili tukienda na watoto mlinzi anasema bichi ni ya bosi, toeni elfu tano kila kichwa au geuzeni. Kweli mtu anaweza kumiliki ziwa? (Baba Kulwa)

JIBU: Mwangaluka, Baba Kulwa. Ziwa halina hati. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inasema maji yote ni ya umma, Rais ndo mdhamini kwa niaba yetu, kwa hiyo hati ya huyo bosi hata iwe na mihuri kumi inaishia nchi kavu. Na hiyo nchi kavu nayo ina mambo yake, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka ukingo wa ziwa, sasa ukuta wa tofali si wa kudumu huo?

Ila hapa wengi wanajichanganya. Mita 60 ziliwekwa kulinda mazingira, hazikupi ruhusa ya kukatiza uani kwa mtu, na akikutoza hela ya viti, choo na kupaki gari ni biashara yake halali. Kesi yenu mimi naiona kwenye njia. Kama kulikuwa na njia ya kushukia ziwani, wavuvi na akina mama wa ndoo wanapita miaka yote, halafu yeye ndo kaiziba, hapo mna la kusema. Msibishane na mlinzi, yule katumwa tu. Anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa mkiwa na wazee wanaoikumbuka, kisha mipango miji halmashauri waangalie kama imechorwa kwenye ramani. La ukuta pelekeni NEMC, baraza la taifa la mazingira, na Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, wote wana ofisi hapo hapo Mwanza, kwa barua, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Kisiwa cha Saanane hapo ziwani msikifananishe na bichi hiyo, kile ni hifadhi ya taifa, kiingilio kipo kisheria.

Na watoto wasiogee kwenye majani majani pale pembeni, konokono wa kichocho ndo kwao. Ramani ikipatikana nitumie picha tuione.