Usinunue RAM kabla hujasoma safu ya mwisho

Saiba yangu iko Kondele, hapa Kisumu. Ina mashine sita, zote ex-UK, yaani mitumba kutoka Uingereza, na kila moja ilikuja na RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 4. Niliziwekea Linux Mint mwenyewe, mfumo wa kuendesha kompyuta, na tangu siku hiyo amri ninayoiandika mara nyingi kuliko zote, ya kuonyesha RAM inavyotumika, ni hii:

free -h

Nataka nikuonyeshe namna ya kuisoma. Mimi niliisoma vibaya mara ya kwanza, nikatoa shilingi 1,800 nilizokuwa nimewekea kodi ya chumba.

Ulikuwa msimu wa wanafunzi kuomba mikopo ya chuo. Viti vimejaa, wengine wamesimama mlangoni na bahasha za vyeti, na mashine ya pili ikaanza kuvuta miguu. Nikamwita fundi mmoja wa mtaa wetu. Tukafungua terminali, tukaandika amri, tukaona hivi:

               total   used   free   shared   buff/cache   available
Mem:           3.7Gi  1.3Gi  162Mi    148Mi        2.3Gi       2.0Gi
Swap:          2.0Gi     0B  2.0Gi

Fundi akaweka kidole kwenye 162Mi, chini ya neno free. "RAM imeisha hii." Nami nikaamini, maana neno lenyewe linasema kilicho huru, na kilicho huru kilikuwa kiduchu. Nikanunua kipande kingine cha GB 4, tukakichomeka. Kesho yake mteja alinakili picha za harusi kutoka flashi, faili kubwa kubwa. Alipomaliza nikatazama tena: free imerudi chini ya 400Mi, na kumbe sasa nina GB 8. Hapo ndipo nilipokaa chini kujifunza.

Fikiria matanga huku kwetu. Viti vya plastiki vimepangwa chini ya hema, wazee hawajafika. Vijana wanakalia, na hakuna anayewakemea, kwa sababu kiti kitupu hakimsaidii mtu. Mzee akiingia, kijana anainuka bila kuambiwa. Linux hufanya vivyo hivyo. RAM ambayo hakuna programu inayoihitaji kwa sasa, kerneli, yaani kiini cha Linux, huitumia kuhifadhi yaliyosomwa kutoka kwenye diski, ili yakiitwa tena yaje haraka. Hao ndio vijana, nao wanahesabiwa chini ya buff/cache. Programu ikidai nafasi, wengi wao wanainuka mara moja. Wengi, si wote: sehemu iliyo chini ya shared huhesabiwa humo pia, na hiyo haiondoki kirahisi.

Kwa hiyo safu ya kutazama ni ya mwisho kabisa, available. Ni makadirio ya kerneli yenyewe: programu mpya ikifunguliwa sasa, itapata nafasi kiasi gani bila kusukuma wengine kwenye swap, yaani sehemu ya diski inayosaidia RAM inapojaa. Zamani hesabu hiyo ulijifanyia mwenyewe kwa kujumlisha na kutoa. Kerneli ilianza kuitoa tayari katika toleo la 3.14, mwaka 2014, na free huichukua kutoka kwenye faili la /proc/meminfo. Rudi sasa kwenye mashine yangu ya pili: available ni 2.0Gi, swap haijaguswa hata baiti moja. Haikuwa na shida ya RAM hata kidogo. Tulikuwa watu sita tunapakia vyeti kwa laini moja ya intaneti.

Na usishtuke GB 4 kusomeka 3.7Gi. Sehemu hushikwa na michoro ya skrini na mfumo wenyewe tangu mashine inapowaka. Hujaibiwa na muuzaji.

Mgonjwa halisi alikuwa mashine ya nne. Binti mmoja alikuwa amefika ukurasa wa mwisho wa fomu yake, kisha brauza yote ikatoweka mbele ya macho yake. Alilia, na mimi niliumia pamoja naye. Baadaye nikaandika:

journalctl -k | grep -i "out of memory"

na ikawa wazi: RAM ilikuwa imekwisha kabisa, kerneli ikaua programu ili mashine isife. Siku iliyofuata nikaiwahi kabla haijafika huko. Available ilikuwa 214Mi, swap imeliwa 1.7Gi kati ya 2.0Gi, na taa ya diski haizimiki. Swap ni wale waliotolewa hemani wakaketishwa nje chini ya mwembe. Kila wakiitwa wanachukua muda kufika. Swap yenye kitu kidogo si hoja. Hoja ni watu kutoka na kuingia bila kupumzika. Andika vmstat 1 na utazame safu za "si" (kinachorudi kutoka swap) na "so" (kinachopelekwa swap): zikibaki juu ya sufuri sekunde baada ya sekunde, hapo pana kazi.

Kabla ya kutoa pesa, uliza nani anakula:

ps aux --sort=-%mem | head

Safu ya RSS, yaani RAM ambayo kila programu imeshika, ni kilobaiti. Brauza itajitokeza mistari mingi, kwa kuwa hugawa kazi zake, na usijumlishe mistari hiyo ukadhani umepata jumla, maana kuna sehemu wanazotumia pamoja zikahesabiwa mara mbilimbili. Mimi nilikuta kurasa zaidi ya thelathini zilizoachwa wazi na wateja wa asubuhi. Siku hizi mteja akiinuka, nafunga brauza kabla mwingine hajakaa.

Utakutana na watu wakikushauri uandike 3 kwenye drop_caches, faili la kuiambia kerneli itupe ilichohifadhi, "kusafisha RAM". Achana nayo. Unawafukuza vijana kwenye viti ambavyo hakuna mzee anayevitaka, na diski itaanza kusoma upya yote yaliyokuwa tayari.

Wa Windows, andika systeminfo na utafute mstari wa Available Physical Memory.

Na kama umepima siku tatu nne, saa za wateja wengi, available bado iko chini na safu za "si" na "so" hazitulii, basi nunua. Ila kwanza andika sudo dmidecode -t memory uone ni RAM ya aina gani, DDR3 au DDR4, na nafasi ngapi ziko wazi, na kumbuka kipande cha laptopu hakiingii kwenye kompyuta ya mezani. Kile nilichonunua kwa haraka nilikitoa kwenye mashine ya pili nikakichomeka kwenye ya nne. Jana saa kumi jioni, saiba imejaa, available yake ilisoma 4.6Gi, na swap 0B.