Mtoto anaimba "a, be, che" lakini "baba" haisomi: mtegee sauti kwanza

Mleta uzi, mtoto wa miaka 5 anayeimba herufi zote halafu "baba" anaisoma "be-a-be-a" hana tatizo la akili. Amekaririshwa majina ya herufi, sauti zake hazijui. Daftari likae kando wiki mbili, mcheze kwa mdomo.

Tumieni mtindo wa vitendawili. "Kitendawili!" Anaitika "Tega!" "Kipo humu ndani, kinaanza na sss." Atataja sabuni, sahani, sufuria. Akishindwa akupe mji kama kawaida, kisha zamu yake kutega. Msiruke zamu hiyo, maana anayetega ndiye anayelazimika kuisaka sauti ya kwanza ya neno. Dakika 10 zinatosha. Akianza kuropoka majibu, ameshachoka.

Anzeni na sauti zinazovutika: s ya tairi linalovuja, m ya mtu anayeonja kitamu, f ya kupuliza chai, z ya nyuki (ingawa nyuki mwenyewe anaanza na ny, na mtoto mjanja atakuuliza). B, d, k, p na t hazivutiki. Ukizivuta zinazaa "be" ileile tuliyoikimbia. Hizo tega kwa silabi nzima: "kinaanza na ba".

Sasa mtego wa Kiswahili chenyewe, ambao michezo ya Kiingereza haina: ngeli. Kiti, kikombe, kijiko, kitabu, kisu, vyote "ki". Ukitega k, mtoto anapatia bila kusikiliza. Ukimwonyesha kiatu, yeye anaona jozi, anasema v ya viatu, nawe unamwambia kakosea wakati yuko sahihi. Kwa hiyo mwanzoni chagua vitu ambavyo jina halibadiliki vikiwa vingi: meza, taa, simu, feni, fulana, nazi, sabuni, redio.

M nayo ina vituko. Pigeni makofi: m-to-to matatu, mbu-zi mawili. Kwenye "mtoto" m ni silabi inayojitegemea. Kwenye "mbuzi" imeng'ang'ania b. Mtoto akisema mbuzi anaanza na m, mkubalie, kasikia vizuri. Mb, nd, ng' na ny zisubiri. Na ukipiga makofi tamka kwa mwendo wa kawaida, ukivuta utamfundisha "m-bu-zi".

Kama nyumbani r na l zinachanganywa, msizitege siku moja.

Wiki ya pili leteni vifuniko vya plastiki vya chupa za maji. Vizibo vya soda vina makali. Mdogo wa chini ya miaka 3 asivifikie, atameza. Andika a, e, i, o, u kwa herufi ndogo, vitano tu, utandaze mkekani. Wewe taja neno, yeye adake irabu ya mwisho: taa, embe, kiti, ndoo, kuku. Maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, kwa hiyo hutaishiwa. Akidaka bila kusita, ongeza s mbili na m mbili, na kila irabu iwe na pacha wake. Msogeze kifuniko cha s kuelekea a huku mnavuta "sss" mpaka vigusane: "sa". Kwa vifuniko hivyo 14 anasoma mama, mimi, sisi, sasa, sema na soma. T na k zikifuata utapata mate, moto, taka na kuku.