Baba anaweka kokwa za parachichi mfukoni

SWALI

Shikamoo Bibi. Mimi ni mtoto wa tatu kati ya watano, naishi Kinyerezi, Dar es Salaam. Mama alifariki mwaka jana, na tulipomaliza matanga tukakaa ndugu wote tukaamua Baba, mwenye miaka 79, asibaki peke yake kijijini Kibosho, Kilimanjaro. Nikamchukua mimi. Kihamba, yaani shamba letu la nyumbani, anakiangalia binamu yetu.

Hapa hakosi kitu. Ana chumba chake, televisheni na chakula kwa wakati, na kazi tumemkataza kabisa kwa sababu ana presha na goti la kushoto linamsumbua. Lakini huu ni mwezi wa saba tangu aje, na haongei. Anakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na geti tangu asubuhi hadi magharibi. Akifungua mdomo ni kuuliza kama mvua za huku zimeanza. Wiki iliyopita nafua suruali yake, nikakuta kokwa tatu za parachichi zimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Nikamuuliza za nini, akanyamaza. Bibi, naogopa akili inaanza kumpotea. Rafiki yangu anasema nimtengenezee bustani, lakini uwanja wetu ni mdogo na nusu yake ni saruji. Kweli itamsaidia, au nitamchosha mzee bure?

Mtoto wa Tatu, Kinyerezi

JIBU

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara macho yangu yanarudi kwenye zile kokwa. Mtu aliyepotewa na akili mara nyingi huokota chochote. Baba yako amechagua mbegu, akazifunga kwenye gazeti, akaziweka mahali ambapo hazitatupwa na anayefagia. Mimi naona mkulima anayetafuta pa kupandia, na hajaona kwako mtu wa kumwomba ruhusa.

Hata hivyo, kwanza mpeleke hospitali. Ukimya wa miezi saba baada ya kufiwa na mke unaweza kuwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni, na sonona ya mzee mara nyingi hufanana na kupoteza kumbukumbu. Mweleze daktari kama halali, kama amepungua uzito, kama anarudia swali lilelile au anapotea njia ya chooni. Umpimishe presha na sukari siku hiyohiyo. Bustani nitakayokueleza ni tiba ya kweli, ila haichukui nafasi ya daktari.

Sasa tuje kwenye pumziko mlilompa. Najua mmelitoa kwa mapenzi. Lakini fikiria alichoacha: migomba aliyoipandikiza kwa mkono wake, kahawa chini yake, mfereji wa kuzibua, mbuzi wa kukatiwa majani. Na kama mmefuata desturi ya kwenu, Mama naye amelala humohumo kihambani. Kila kitu pale kilimngoja asubuhi. Kwako hakuna kinachomngoja. Mwaka 1812 daktari mmoja wa Marekani, Benjamin Rush, aliandika kuhusu wagonjwa wa akili kwamba waliokuwa wakipasua kuni na kulima bustani ya hospitali mara nyingi walipona, na wale ambao heshima yao iliwaepusha na kazi hizo walidhoofu ndani ya kuta. Miaka zaidi ya 200 imepita na bado tunawafanyia wazee wetu heshima ya namna hiyo.

Wataalamu wa siku hizi wamelipima jambo hili. Uholanzi, mwaka 2011, watu 30 walipewa kwanza kazi ya kuwachosha akili, kisha wengine wakalima bustani kwa nusu saa na wengine wakasoma ndani. Homoni ya msongo ilishuka kwa wote, ila kwa waliolima ilishuka zaidi, na furaha yao ikarudi kabisa. Mimi nilikuwa muuguzi kwa miaka 34, na kilichonifundisha zaidi ni mama yangu mzazi, Korogwe. Kiharusi kilimlegeza mkono wa kulia. Tukapewa mpira laini aufinye mara ishirini asubuhi na jioni. Akautazama, akauweka chini ya kitanda. Lakini ukimletea ungo wa kunde za kupukuchua, mkono uleule ulifanya kazi saa nzima, kwa sababu kunde zile zilikuwa mboga ya jioni.

Kisha nikakosea. Nilikwenda likizo nikakuta kitalu chake cha bamia kimejaa magugu. Nikaamka alfajiri nikakipalilia chote, nikanyoosha na mistari. Nilidhani nimemsaidia. Mama akakitazama akasema, "Umekitengeneza vizuri." Hakukikanyaga tena. Mpaka leo naumia nikikumbuka, na ndiyo sababu nakusihi: usimtengenezee Baba bustani. Mwombe yeye akutengenezee wewe. Mwambie, "Baba, mboga inatumalizia hela hapa, huu uwanja tuufanyeje?" Halafu unyamaze, hata akikaa siku mbili bila kujibu. Akitaka mgomba pale ulipotaka mchicha, ni mgomba.

Saruji isikutishe. Goti lake halitaki kuchuchumaa, kwa hiyo udongo umfuate yeye alipo. Tafuta ndoo kuukuu za lita 20, zitobolewe matundu chini, zipangwe juu ya benchi imara lisiloyumba, zimfikie kiunoni. Mchanga wa Dar haushiki maji kama udongo wa Kibosho, na yeye ataliona hilo kabla yako. Mletee samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri achanganye mwenyewe. Samadi mbichi ya kuku itaunguza miche. Aanze na kitu cha haraka: mchicha unachumwa ndani ya wiki tatu au nne, na matembele hayahitaji hata mbegu, ni pingili za marando kutoka kwa jirani. Mzee mwenye huzuni asianzishwe na kitu cha kungoja miezi sita.

Afanye kazi kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi, kabla jua halijawa kali, akiwa na kiti karibu, pamoja na maji ya kunywa. Kama anatumia dawa za presha zinazokojolesha, muulize daktari anywe maji kiasi gani. Akiwa amekaa asinyanyuke ghafla, kizunguzungu ndicho kinachowaangusha. Avae viatu vilivyofunika vidole. Kumwagilia atumie kidumu cha lita tatu badala ya ndoo, na mpira wa maji usiachwe umetandazwa njiani. Uliza pia habari ya chanjo ya pepopunda, maana samadi na vidonda vya mikono havipatani. Dawa za wadudu za dukani zisiingie hapo. Yeye bila shaka anajua dawa yake ya majivu.

Mboga yake iliwe mezani kwako, na wajukuu waambiwe ni ya Babu. Msimpigie makofi kama mtoto wa chekechea. Mwulize bei ya fungu moja sokoni, mwulize kwa nini majani ya chini yamegeuka manjano. Wajukuu wawe wasaidizi wake, yeye ndiye awatume. Siku akichoka, ndoo zikauke, usiingie kumwagilia kimyakimya. Mwulize kama umsaidie kumwagilia.

Halafu mpelekeni Kibosho, msisubiri Desemba. Akaone kaburi, akaone kama migomba imekatiwa majani makavu. Mkirudi mwacheni abebe kipande cha sale, ule mmea wa kuwekea mipaka, kutoka kwenye mpaka wake. Hushika kwa urahisi kikichomekwa ardhini.

Na zile kokwa, kama hujazitupa, mrudishie leo hii. Usimuulize tena za nini. Mpe na kopo lenye udongo. Kokwa ya parachichi ikikauka haioti, na wewe umezikuta wiki iliyopita.