Pointi gadi kijana: mtazame mara ya pili

SWALI: Shikamoo Kocha. Ninanoa vijana wa kikapu hapa Mwanza, na mwezi ujao klabu inataka nipandishe pointi gadi mmoja, yaani mchezeshaji wa timu, kwenye timu ya wakubwa. Naogopa yasinikute ya Minnesota Timberwolves kwenye drafti ya 2009, pale timu za NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, zinapochagua vijana kwa zamu: nafasi ya 5 na ya 6 walichukua pointi gadi wawili, Ricky Rubio na Jonny Flynn, Stephen Curry akaenda Golden State nafasi ya 7. Hawakuona nini? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza nimtetee Flynn, maana anasemwa bila haki. Machi 2009, akiwa Chuo Kikuu cha Syracuse, alicheza dakika 67 dhidi ya chuo cha Connecticut, mechi iliyokwenda vipindi sita vya nyongeza. Kijana wa namna hiyo hata mimi ningemchukua. Msimu wake wa kwanza NBA alifunga wastani wa pointi 13.5, kisha nyonga ikamsumbua hadi akapasuliwa mwaka 2010. Hilo daftari la mpelelezi, yule anayetumwa na timu kusaka vipaji, haliwezi kulijua.

Kwa Curry ndiko kwenye somo. Wapelelezi walimwona mwembamba, tena mfungaji tu. Lakini pale chuo cha Davidson, mchezeshaji wao Jason Richards alipomaliza masomo 2008, Curry ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kuchezesha. Msimu huo aliongoza vyuo vikuu vya Marekani kwa kufunga, pointi 28.6 kila mechi, na bado akatoa asisti, yaani pasi za kufungia, 5.6. Alipoteza mpira karibu mara nne kwa mechi, ndiyo. Mimi ningeuliza anaupotezaje. Yupo anayenyang'anywa kwa sababu hajui ampe nani, na yupo anayebanwa na wawili akajaribu pasi ambayo mwenzake hakuitegemea. Huyu wa pili anafundishika.

Nikikaa pembeni ya uwanja, kapu silitazami sana. Natazama macho ya kijana anapovuka mstari wa kati: yako kwenye mpira au kwa wenzake? Akipokonywa, anakimbia kurudi kukaba, au anamnyooshea mtu kidole? Mchezo ukisimama kwa mitupo huru, nani anamfuata kumuuliza? Wachezaji humjua kiongozi wao mapema kuliko sisi makocha. Robo ya nne, miguu imeshakuwa mizito, ndipo naandika zaidi.

Wala usimpime kwa siku moja. Mwaka 2001 San Antonio, timu ya NBA, walimwita pointi gadi Tony Parker kutoka Ufaransa kwa majaribio, na kocha wao Gregg Popovich hakumpenda hata kidogo. Wapelelezi wake wakashikilia, wakamwonyesha kanda za mechi, kijana akaitwa tena na safari hii akang'ara. Walimpata nafasi ya 28 ya drafti, ana miaka 19. Mwaka 2007 alikuwa mchezaji bora wa fainali.

Basi ukibaki na wawili wasiotenganishika, waite tena wiki inayofuata. Wapangie wenzao wasiowafahamu, halafu wewe kaa kimya, usiwaelekeze chochote. Kisha niandikie, uniambie ni yupi aliyewahi kuyajua majina ya wenzake na kuwaita.