Usiitupe Kadi ya Mtandao Kabla Hujaiuliza Namba Yake

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia hivi: "Shikamoo kaka. Nina kompyuta yenye Windows na Linux. Nikiiwasha asubuhi nikaingia Linux moja kwa moja, mtandao upo. Nikianza na Windows, nikazima, kisha nikaingia Linux, taa ya kadi haiwaki kabisa. Fundi amesema kadi imechoka, niitupe. Niitupe?"

Neno hilo la mwisho lilinichoma. Nitaeleza kwa nini, lakini kwanza nimalize habari yake, kwa sababu imeisha vizuri na nimeifurahia mno.

Kadi iliyochoka haijui umetoka mfumo gani. Ikifa, inakufa kotekote. Kadi inayofanya kazi asubuhi na kugoma jioni kwa sababu tu umepitia Windows ni kadi nzima. Kuna mtu ameiambia ilale. Nikamjibu: "Usiitupe, mdogo wangu. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, hesabu hadi thelathini, rudisha waya, ingia Linux." Hazikupita dakika kumi akaandika neno moja tu: "Imewaka!"

Kinachotokea ni hiki. Ukizima kompyuta huku waya wa umeme ukiwa ukutani, bodi kuu haizimiki yote. Inaendelea kupeleka umeme kidogo kwenye kadi ya mtandao ili kompyuta iweze kuamshwa kutoka mbali. Draiva nyingine za Windows (draiva ni programu inayoiendesha kadi), mpangilio huo wa kuamsha ukiwa umezimwa, huilaza kadi kabisa wakati wa kufunga. Linux ikija inaikuta imelala, na draiva yake, hasa ile ya toleo la zamani, haina namna ya kuiamsha. Kuchomoa waya kunaikatia kadi hata ule umeme mdogo, kwa hiyo inapowaka tena inaanza upya. Dawa ya kudumu iko kwenye Windows kwenyewe: fungua Device Manager, ingia kwenye sifa za kadi, kisha kichupo cha Advanced, washa Wake on LAN (ule mpangilio wa kuamsha) ya wakati wa kuzima. Halafu zima Fast Startup. Tangu Windows 8, ukibonyeza Shut down huku Fast Startup imewashwa, Windows haizimi kikamilifu. Inahifadhi kerneli yake, yaani kiini cha mfumo, kwenye diski ili iamke haraka kesho. Restart ndiyo inayofunga kila kitu. Watu wengi hawalijui hili na wanahangaika miezi.

Sasa kuhusu neno "itupe".

Nilipoanza kazi, mkononi sikuwa na kitu zaidi ya hamu. Mahali nilipoajiriwa palikuwa na kompyuta moja ya kutunza faili za wote, yenye kadi ya chipu ya Realtek RTL8139, ile ya megabiti 100 iliyokuwa imejaa kila kona miaka ile. Mfumo ulikuwa Windows XP. Tatizo lilikuwa la ajabu. Ukituma ping, ule ujumbe mdogo wa kujaribu kama kompyuta nyingine inajibu, majibu yanarudi haraka, hakuna hata moja linalopotea. Ukinakili faili la megabaiti 40, unaenda kunywa maji, unarudi, unakaa, robo saa imepita na bado halijafika. Kwa kadi ile faili hilo lilitakiwa kuchukua sekunde nne au tano.

Mkuu wangu wa kazi alisimama nyuma ya kiti changu, wenzangu wote wakisikia, akasema: "Hiyo kadi ni takataka, itupe. Na wewe kama huwezi kuona hilo sijui tulikuajiri ufanye nini." Miaka imepita na bado namsikia. Nilikuwa kijana, sikujibu. Niliomba siku tatu.

Usiku wa kwanza nilibadilisha draiva mara nne. Hakuna kilichobadilika. Usiku wa pili nikachomeka diski nyingine na kuweka Linux. Kadi ikatambuliwa mara moja na draiva ya 8139too, faili likatambaa vilevile. Usiku wa tatu nikaweka FreeBSD, mfumo mwingine huria, ambako kadi hiyohiyo inaitwa rl0, na faili likatambaa vilevile tena. Nilikaa sakafuni nikiwa nimekata tamaa. Leo ninajua kwamba jibu nilikuwa nalo tayari usiku ule, ila sikujua kulisoma: mifumo mitatu, draiva za watu tofauti kabisa, ugonjwa ni mmoja. Basi ugonjwa hauko kwenye mfumo. Kama unasoma hapa ukiwa na haraka, chukua hilo moja.

Kilichoniokoa ni tarakimu. Kabla ya kufunga nilirudi kwenye Linux, nikaandika ifconfig, nikatazama mistari ambayo huwa tunairuka ili tufike kwenye anwani ya IP. Safu ya migongano (collisions, yaani pakiti zinazogongana njiani) ilikuwa na maelfu. Nikanakili faili dogo, nikaandika tena, tarakimu imepanda kwa mamia. Kwenye swichi, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta za mtandao, kila kompyuta ina njia yake. Migongano mingi namna ile hutoka wapi? Nikaenda kwenye swichi, nikaingia kwenye mipangilio yake, na hapo nikaona. Mtu fulani, zamani, alikuwa ameupanga kwa mkono mlango wa kompyuta ile (tundu la waya wake) kwenye megabiti 100, dupleksi kamili, yaani kusema na kusikiliza kwa wakati mmoja. Kadi yangu ilikuwa kwenye otomatiki. Upande mmoja ukipangwa kwa mkono, hauzungumzi tena na mwenzake kuhusu mwendo. Upande wa otomatiki unaweza kuhisi kasi kwenye waya, lakini dupleksi hauwezi kuihisi, kwa hiyo kwa kanuni unachukua nusu dupleksi, yaani kwa zamu. Basi swichi inasema na kusikiliza kwa wakati mmoja, kadi inasubiri zamu yake, na kila mazungumzo yakiwa mengi wanakatizana. Ping ni pakiti ndogo, moja moja, haigongani na mtu. Faili kubwa ndilo linaloumia.

Asubuhi nilimwambia mkuu wangu. Hakunisikiliza. Kadi mpya ilikuwa imeshanunuliwa. Ikafungwa mbele yangu, na kwa sababu nayo ilikuwa kwenye otomatiki, ikawa na uzito uleule. Alipoondoka jioni nikaurudisha mlango wa swichi kwenye otomatiki. Kesho yake faili lilikwenda kwa sekunde tano, na kila aliyepita akasifu kadi mpya. Mimi nikaiokota ile ya zamani kwenye sanduku la taka, nikaifunga kwenye gazeti, nikaenda nayo nyumbani. Hakuna aliyewahi kuniambia hata "samahani". Sisemi hili ili nihurumiwe. Nasema kwa sababu kila ninaposoma "fundi amesema nitupe", najua kuna kijana kwenye kiti anasikia maneno kama yale niliyosikia mimi.

Kwa hiyo ninyi mnaotaka kuwa mafundi wa kweli, na najua mnaonisoma mnataka hivyo, anzeni kwa kuiuliza kadi namba yake. Msisome maandishi ya kwenye sanduku, msisome kibandiko. Kila kadi ya PCI, ile inayochomekwa kwenye sloti ya bodi kuu, ina namba mbili ndani yake, ya kwanza ya aliyetengeneza chipu, ya pili ya chipu yenyewe. Kwenye Linux andika lspci -nn -k na utaiona, pamoja na jina la draiva inayoishika. Kwenye FreeBSD ni pciconf -lv. Kwenye Windows iko Device Manager, kichupo cha Details, Hardware Ids, na inaandikwa kama VEN_10EC&DEV_8139. Hiyo 10EC ni Realtek, 8086 ni Intel, 10B7 ni 3Com. Ukishakuwa na namba huhitaji kubahatisha draiva tena. Nimeona watu wakipakua draiva kumi kwa kufuata picha inayofanana na kadi yao.

Na ukiwa na namba, tazama pia toleo la chipu. Hapa wengi huanguka. RTL8139 ya kawaida na ile ya 8139C+ zinabeba namba ileile, 10ec:8139, lakini C+ ina toleo la 20 kwenda juu. Kwenye Linux ya kwanza inashikwa na 8139too, ya pili na 8139cp. Kwenye FreeBSD ya kwanza ni rl, ya pili ni re. Ukilazimisha draiva isiyo yake utakesha. Afadhali usome dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli: 8139too ikikutana na C+ inaandika wazi kwamba utumie 8139cp. Kompyuta imekuambia, wewe hukusoma!

Majina nayo yanachanganya. Linux ya zamani iliita kadi eth0. Ukiitoa ukaweka nyingine, mifumo mingi ya miaka hiyo ilikumbuka anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kadi) ya ile ya kwanza, hivyo mpya ikaitwa eth1, na mipangilio yako yote ikabaki ikiitafuta eth0 isiyokuwepo. Tangu 2013 systemd, programu inayoanzisha huduma za Linux, ilileta majina yanayofuata nafasi ya kadi kwenye bodi, kama enp3s0, na hapo ukihamisha kadi kwenda sloti nyingine jina linabadilika. FreeBSD inaita kwa jina la draiva: em0, fxp0, xl0. Kadi haikufa, imebadilisha jina tu.

Windows ina ugumu wa aina nyingine. Draiva ya biti 32 haiingii kwenye Windows ya biti 64, hata ukiisihi. Na kuanzia Vista, Windows ya biti 64 inadai draiva za kerneli ziwe na saini ya kidijitali. Kwa kadi ambayo mtengenezaji aliiacha wakati wa XP, hapo safari mara nyingi inaishia, na ni haki kusema hivyo bila kumpotezea mtu muda. Kadi hiyohiyo mara nyingi itaishi vizuri kwenye Linux. Ila msidhani mifumo huria inabeba kila kitu milele. FreeBSD 13, ya 2021, iliondoa draiva nyingi za kadi za megabiti 10 na 100, ikiwamo ed iliyohudumia kadi za ukoo wa NE2000. Kabla hujapandisha toleo kwenye mashine ya zamani, soma maelezo ya toleo. Nimeshamwona mtu amepandisha toleo kwa mbali, kupitia mtandao, kwenye mashine ambayo kadi yake ilikuwa imeondolewa. Hakuweza kuifikia tena mpaka alipoifuata kwa miguu.

Namba ikionekana lakini toleo la chipu linasoma ff, hapo acheni programu. Mara nyingi maana yake kadi haijibu kwenye sloti. Zima, chomoa umeme, itoe, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa kifutio cha penseli, futa vumbi, irudishe, ikiwezekana kwenye sloti nyingine. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Kebo nazo zina hila zake. Kadi nyingi za megabiti 100 haziwezi kugeuza nyaya zenyewe, kwa hiyo kompyuta mbili uso kwa uso zinahitaji krosova, kebo iliyopishanishwa nyaya. Megabiti 100 inatumia jozi mbili tu, pini 1, 2, 3 na 6, ndiyo maana kebo iliyokatika jozi moja inaweza kuibeba vizuri kadi ya zamani, kisha ukaweka kadi ya gigabiti inayotaka jozi zote nne ikaanza kuyumba. Watu wanasema "kadi mpya mbovu". Hapana, angalieni kebo. Na ukiona Windows imejipa anwani inayoanza na 169.254, ina maana imeomba anwani na hakuna aliyejibu. Usianze kulaumu draiva.

Halafu someni tarakimu. Nitarudia hata kama mmechoka. Kwenye Linux ni ip -s link, na ethtool itakuonyesha kasi na dupleksi. Kwenye FreeBSD netstat -i. Kwenye Windows netstat -e. Soma, nakili faili, soma tena. Andika kwenye daftari, kwa kalamu, tarehe na tarakimu. Najua kuna wanaoona aibu kuandika mbele ya mteja, wakidhani wataonekana hawajui kazi. Mimi nilidhani hivyo, na niliaibishwa hata bila daftari. Fundi anayeandika hapigi ramli.

Yule msomaji ameniandikia tena juzi. Amezima na kuwasha mara sita, kutoka Windows kwenda Linux na kurudi, na taa inawaka kila mara. Ameuliza kama ile 8139 ya kwenye gazeti bado ninayo. Ninayo. Iko ndani ya kompyuta ninayowekea nakala za kazi zangu, na leo asubuhi nilipoandika ip -s link, safu ya migongano ilisoma sifuri.